Uliza Ujibiwe: Nikienda Uskoti nataka kuingia msituni

*Asalaam aleikum mwandishi. Mimi ni mama wa miaka 58, naishi Kisauni. Binti yangu yuasoma Glasgow na ameniambia nikienda kumtembelea hanizungushi madukani, atanipeleka msituni, ati misitu ya asili ya kule. Sasa mimi msitu naoujua ni kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, na kaya haiingiwi hivi hivi. Huko kuna wanyama wakali? Kiingilio je? Magoti yangu si mazima sana, na sala nitaswali wapi? Viza nshapata, tiketi ndo bado sijakata. Mama wa Kisauni.*

Waaleikum salaam mamangu. Kama tiketi bado hujakata basi nakuomba ukate ya katikati ya mwezi wa tano, usingoje wa saba. Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni usubi. Wanao kule mdogo kama huu wetu wa mikokoni, na ukianza msimu, yaani kuanzia mwisho wa mwezi wa tano mpaka wa tisa, jioni ikiwa hakuna upepo unakuja kama moshi, uso mzima unawasha, mtu anakimbilia garini. Sababu ya pili ni maua. Mwezi wa tano chini ya mialoni kunajaa maua ya buluu, bluebell, ardhi yote unaiona buluu, na majani juu ndo kwanza yanafunguka kwa hivyo mwanga unafika mpaka chini. Wiki chache tu halafu yameisha. Mimi niliyakuta yakiwa yanamalizikia na bado nilisimama pale nikashindwa kuondoka.

Mwambie binti yako akupeleke Inchcailloch. Ni kisiwa kidogo ndani ya ziwa la Loch Lomond, kutoka Glasgow munakwenda mpaka kijiji cha Balmaha halafu munavuka kwa boti, dakika chache tu, Likoni ferry ni safari ndefu zaidi ukihesabu na foleni. Jina lenyewe kwa Kigaeli wanasema ni kisiwa cha bibi kizee. Kuna makaburi ya kale na mabaki ya kanisa, na msitu wa mialoni kisiwa kizima. Kuna njia fupi ya chini na kuna ya kupanda kileleni yenye ngazi nyingi, wewe shika ya chini, binti na apande mwenyewe akuletee picha. Na ukiiona ile mialoni jua kuwa ilikuwa ikikatwa kwa zamu miaka na miaka, maganda yake yakipelekwa kutengeneza ngozi, sawasawa na maganda ya mikoko yetu yalivyokuwa yakipakiwa majahazini. Kwa hivyo ukisikia msitu wa asili usidhani ni msitu usioguswa na mkono wa mtu. Asili maana yake miti ni ya pale pale, imezaana pale, na vyote vilivyozoea kuishi nayo bado vimo.

Wanyama wakali hakuna. Dubu na mbwa mwitu walimalizwa zamani sana. Nyoka mwenye sumu ni mmoja tu, adder, ana mchoro wa zigizaga mgongoni na akisikia mguu wa mtu anajiendea zake. Wa kumuogopa mamangu ni kupe. Kupe wa kule wengine wana ugonjwa wa Lyme, kwa hivyo chini ya buibui vaa suruali, uingize miguu ya suruali ndani ya soksi, na buibui lenyewe liwe fupi kidogo lisiburure kwenye majani. Gamboti ni bora kuliko viatu vizuri. Mukirudi nyumbani jikague nyuma ya magoti na kiunoni, ukimkuta mtoe pole pole kwa kile kikoleo kidogo chauzwa maduka ya dawa, usimpake mafuta wala kumchoma. Ukija kuona wekundu wa duara unaotanuka, hata baada ya wiki kadhaa, nenda kwa daktari umwambie niliumwa na kupe Uskoti. Hilo usilisahau hata ukiwa usharudi Kisauni, manake daktari wa hapa hatolifikiria mwenyewe.

Kiingilio hakuna, boti tu ndo utalipa. Na hapa kuna jambo mimi nililipenda mno: kule kuna sheria ya mwaka 2003 inayompa kila mtu haki ya kutembea karibu ardhi yote, hata iwe na mwenyewe, mradi usiharibu, usiingie ua wa nyumba ya mtu, usikanyage mazao. Hakuna geti wala askari wa kukukatia tiketi. Mtu wa Pwani anayejua habari za njia za kushukia baharini kuzibwa kwa ukuta atanielewa kwa nini nilisimama kwenye kibao kinachoeleza haki hiyo nikakisoma mara mbili.

Sala nayo ni nyepesi, beba leso mbili, moja ya kukalia moja ya kuswalia, ardhi huwa imelowa karibu wakati wote. Kibla kule si kaskazini kama kwetu, ni kusini mashariki. Na katikati ya mwezi wa tano magharibi inaingia saa tatu usiku imeshapita, kwa hivyo mchana ni mrefu, munaweza mukatoka nyumbani baada ya adhuhuri na mukarudi kabla jua halijatua. Beba sweta na jaketi la mvua hata asubuhi iwe na jua kali.

*Mambo vipi, mimi ni kijana wa Mtwapa, mwaka jana nilikuwa Uskoti kikazi nikapelekwa msituni na wenzangu. Kusema kweli sikuona kitu. Giza, miti imepangwa mistari kama shamba la mkonge, hata ndege hamna. Watu wanasifia nini?*

Mdogo wangu, wewe hukupelekwa msitu wa asili, ulipelekwa shamba la mbao, na nimesikitika kwa sababu wageni wengi wanaishia huko huko wakarudi na habari yako hii hii. Ile miti ni sitka spruce, asili yake pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini. Vita vya kwanza vya dunia viliikuta Uingereza haina mbao za kutosha, mwaka 1919 serikali ikaunda idara ya misitu na kazi ikawa kupanda miti inayokua haraka, mistari kwa mistari, imebanana mpaka jua halifiki chini na pasipo jua chini hapamei kitu. Mbao nyumba zinajengwa nazo, sikatai, lakini hapo usitarajie ndege wengi.

Msitu wenyewe wa kaskazini ni wa misonobari, ile scots pine. Kwa mbali mtu wa Bamburi atasema ni mvinje, lakini si jamaa. Gome lake kuanzia katikati kwenda juu ni jekundu jekundu kama kutu, jua la jioni likilipiga utadhani mti umewashwa taa. Miti haiko mistari, huu hapa mnene umepinda, ule kule umejitenga, kati yake kuna mibetula, ile birch, na vichaka vya matunda madogo ya porini, blaeberry, na sisimizi wanajenga vilima kwa majani makavu ya msonobari, vengine vinanifika kiunoni. Kuna ndege anaitwa crossbill, mdomo umepishana kama mkasi kwa ajili ya kufungulia yale matunda magumu ya msonobari. Ukirudi panda treni mpaka Aviemore, kutoka Glasgow ni kama masaa matatu au pungufu, halafu nenda msitu wa Rothiemurchus uzunguke ziwa la Loch an Eilein, njia ni tambarare, masaa mawili kwa mwendo wa kutazama. Ukiwa na siku nyingi kuna Abernethy, kuna Glen Affric, na Beinn Eighe iliyokuwa hifadhi ya kwanza ya taifa ya mazingira asilia Uingereza nzima, mwaka 1951.

Lakini ukifika nataka ufanye kitu kimoja, usitazame juu tu, inama utafute miche. Manake ule msitu umebaki vipande vipande, vilivyoorodheshwa ni 84, na sehemu nyingi utakuta wazee watupu, miti ya miaka 200 na 300, chini yake hakuna mtoto hata mmoja. Mbegu zinaanguka, zinaota, halafu kulungu wekundu wanakula kila kinachotoa kichwa, na mbwa mwitu wa kuwapunguza ndo hao walimalizwa. Ndo maana utaona uzio mrefu katikati ya mlima, ndani yake kijani tupu, nje nyasi. Sehemu zengine hawaweki uzio, wanapunguza kulungu kwa bunduki, na watu wa kule wanagombana kwa hilo, mimi nasema bora hivyo kuliko msitu ufe umesimama. Kwetu kaya zimebaki kwa sababu wazee waliweka miko na watu wakaiogopa, kule miti mengi imesalia kwenye majabali na visiwa vidogo vya maziwani ambako shoka na mdomo wa mnyama havikufika. Nlipouona mche wa msonobari umenifika gotini, nje ya uzio, niliita wenzangu wote waje wautazame.

*Mwanangu yuko kule na shule, ataka kuniletea lile tunda la msonobari lenye mbegu tulipande hapa Nyali. Inafaa? Baba wa Nyali.*

Baba yangu shikamoo. Mwambie aliache, kuleta mbegu Kenya kunataka kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mimea na mbegu, na huo mti umezoea theluji, joto la Nyali hautolimudu. Alipige picha pale pale lilipoangukia, na kama chini kuna mche aupige na huo atutumie.