Kutodhurika Jana Si Kinga ya Leo

Msomaji mmoja kaniandikia: "Nimeumwa na nyuki tangu utotoni bila shida. Iweje leo niambiwe nina mzio?"

Swali hilohilo niliulizwa mimi baada ya kuumwa na nyuki, midomo imefura, vipele mwili mzima, pumzi inapanda kwa taabu. Aliyeuliza ni mhudumu wa afya, akajijibu mwenyewe: "Hiyo ni hofu tu." Mpaka leo inaniuma.

Ndugu yangu, mzio huanza kimyakimya. Sumu ikiingia mara za mwanzo, seli T za kinga ya mwili zinaweza kuzichochea wenzao seli B zitengeneze kingamwili (protini za kinga) aina ya IgE. Hizo huenda kung'ang'ania seli za masti, seli nyingine za kinga zilizotapakaa kwenye ngozi, njia ya hewa na utumbo. Wewe husikii lolote, kumbe mtego umeshategwa. Sumu ileile ikirudi, ikaunganisha IgE zilizo jirani, seli za masti humwaga histamini na kemikali nyingine ndani ya dakika chache. Mishipa ya damu hutanuka na kuvuja, ngozi huwasha, kifua hubana, presha hushuka.

Mwaka 1902 wanasayansi Charles Richet na Paul Portier waliwadunga mbwa sumu ya mnyama wa baharini. Waliopona dozi ya kwanza walikuja kufa kwa dozi ndogo ya pili. Richet alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1913 kwa kazi hiyo, halafu mtu bado anakwambia "mbona zamani hukudhurika?"

Sikukubali. Nilitafuta daktari wa mzio, nikaacha vidonge vya mzio siku kadhaa kabla ya kipimo kama alivyoagiza. Akadondosha sumu kidogo mkononi, akatoboa ngozi juujuu. Haikupita robo saa, pale pakavimba, pekundu, panawasha. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

Kwa hiyo usikubali kuambiwa ni hofu. Kapime. Pumzi ikibana au ukihisi kuzirai, usitegemee vidonge: huzuia histamini tu, tena taratibu. Kinachookoa ni adrenalini, sindano ya paja upande wa nje, kwa sababu hubana mishipa na kufungua njia ya hewa. Kisha hospitali, hata ukijisikia nafuu, maana dalili huweza kurudi saa kadhaa baadaye. Tena nasema, kapime!

Ukithibitika, uliza kuhusu sindano za kuuzoesha mwili sumu ya nyuki. Kwa kawaida huchukua miaka 3 hadi 5. Mimi bado naendelea nazo.