Maswali ya Wasomaji: Bastola Ndogo ya Fremu ya Alumini Itahimili Mazoezi?

Safari hii barua nyingi zimehusu jambo moja: bastola fupi zenye fremu ya alumini, na kama zinafaa kwa mtu anayekwenda uwanja wa shabaha kila wiki. Kabla ya kipimo au ukaguzi wowote ulioelezwa hapa chini, toa magazini, vuta slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma bastola inapopigwa), kagua chemba (mahali risasi inapokaa ikiwa tayari kupigwa) kwa macho na kwa kidole, kisha uondoe risasi zote mezani.

Ninamiliki CZ P-01 kwa leseni. Kila Jumamosi napiga risasi kama 100. Mwenzangu mwenye CZ 75 Compact ya chuma anasema fremu yangu itapasuka kabla ya risasi 10,000, hivyo niiuze mapema. Ni kweli? (Msomaji, Nairobi)

Usiiuze. Mwenzako ameshika nusu ya ukweli. Chuma kikipata mkazo ulio chini ya kiwango fulani hukivumilia mara zisizo na idadi. Alumini haina kiwango hicho. Kila mlipuko unapunguza uhai wake kidogo. Swali ni kidogo kiasi gani, na hilo linategemea zaidi springi ya slaidi kuliko fremu yenyewe.

Risasi ikitoka, slaidi hurudi nyuma kwa kasi. Springi ikiwa nzima, hula sehemu kubwa ya kasi hiyo kabla slaidi haijagonga fremu. Ikichoka, kishindo kinaishia kwenye alumini. Bastola fupi ina shida ya ziada: slaidi yake ni nyepesi, kwa hiyo inarudi kwa kasi zaidi, na springi imebanwa katika nafasi ndogo, kwa hiyo inachoka mapema. Ndiyo maana ratiba ya bastola kubwa haifai kunakiliwa. Kwa bastola kubwa za 9mm, badilisha springi kila baada ya risasi 5,000. Kwa P-01 na za ukubwa wake, ushauri wetu ni 3,000. Kwa risasi 100 kwa wiki, hiyo ni kila baada ya wiki 30, takriban miezi saba. Zile fupi za muundo wa 1911 zenye mtutu wa inchi 3 zinahitaji springi mpya mapema zaidi ya hapo. Fuata kitabu cha mtengenezaji.

Usiihukumu springi kwa urefu wa siku ya kwanza. Springi mpya hufupika kidogo mwanzoni kisha hutulia. Ipime baada ya risasi 200, uandike urefu huo, na uendelee kulinganisha nao. Dalili nyingine ni maganda kuanza kuruka mbali kuliko zamani kwa risasi zilezile, au slaidi kuchelewa kufunga kabisa. Ukiona alama mpya ya kugongwa mahali slaidi inapoishia nyuma, umeshachelewa, lakini badilisha hata hivyo.

Katika familia ya CZ 75, kuna kipande cha kuangaliwa kabla ya fremu: pini ya kizuizi cha slaidi. Mtutu unashuka na kupanda kwa kuvutwa na pini hii, na pini hiyohiyo inapita kwenye tundu la fremu. Hukatika, na ikikatika bastola inasimama hapohapo. Weka ya akiba kwenye begi. Unapoifungua bastola, igeuze pini chini ya taa na utafute mstari mwembamba pale inapoungana na kiwiko chake.

Kuhusu risasi zenyewe, kikomo cha shinikizo cha 9mm ya kawaida kwa viwango vya Marekani ni pauni 35,000 kwa inchi ya mraba, na cha +P, yaani risasi za shinikizo la juu zaidi, ni 38,500. Asilimia kumi hiyo haitavunja fremu leo, lakini haina faida yoyote kwenye karatasi ya shabaha. Fanya mazoezi kwa risasi za kawaida. Za +P piga chache tu, kuhakikisha bastola inazilisha vizuri.

Kwa hiyo umepata bastola yenye uzito wa takriban gramu 800 badala ya 920 za mwenzako, na gharama yake ni springi. Kenya, ambako Ceska (yaani CZ) ni jina la kila siku, vipuri vya aina hii si vya kutafutwa kwa tochi, lakini vinunue kabla hujavihitaji.

SIG P228 yangu ina mistari inayong'aa kwenye reli za fremu (njia ambazo slaidi huteleza juu yake), rangi nyeusi imeisha. Je, fremu inalika? (Msomaji, Minneapolis, Marekani)

Huenda haijaanza kulika. Fremu hizi hupewa ngozi ngumu ya oksidi, ambayo kwa kawaida haizidi sehemu chache za mia za milimita. Ni ngumu sana, lakini chini yake alumini ni laini. Slaidi mpya husugua vituo vyake vichache hadi vikae sawa, na baada ya hapo mng'ao unapaswa kusimama. Unaoendelea kukua ndio ugonjwa.

Upime hivi. Safisha reli, zikauke, uzipake wino wa maka peni, kisha vuta slaidi mara 20 bila kuifyatua. Wino ukifutika kwa mistari mirefu upande wa kushoto na kulia, mambo yako shwari. Ukifutika kwenye nukta moja tu, mzigo wote uko hapo. Kisha pitisha ukucha. Ukihisi ukingo ulioinuka, au ukikuta vumbi la fedha kwenye grisi, ipeleke kwa fundi wa silaha.

Kwenye reli, grisi ni bora kuliko mafuta mepesi, kwa sababu inabaki mahali pake joto linapopanda. Tabaka jembamba tu linatosha. Masalia ya baruti yakichanganyika na grisi ya zamani yanasaga kama msasa, kwa hiyo ifute yote kabla ya kupaka mpya. Kuongeza juu ya ile chafu ni kosa tunaloliona mara nyingi. P228 ina kipande cha chuma ndani ya fremu kinachopokea kishindo cha mtutu, kwa hiyo ukaguzi wako uelekeze kwenye reli zenyewe, hasa eneo la mbele ya kizuizi cha slaidi.

Niisafishe na nini? Naishi karibu na bahari na nimeona madoadoa meupe chini ya vishikio. (Msomaji, Mombasa)

Madoa hayo ni kutu ya alumini. Jasho la chumvi likikaa kati ya skrubu ya chuma na fremu, alumini ndiyo inayoliwa. Vua vishikio kila mwezi, futa, kausha, paka mafuta kiasi cha tone kwenye kila skrubu, na zirudishe kwa mkono bila kukaza kwa nguvu. Nyuzi za alumini huchanika upesi. Usiihifadhi bastola ndani ya mfuko wa ngozi, maana ngozi hushika unyevu.

Usitumie magadi, Jik, dawa ya kusafishia oveni wala chochote chenye alkali kali, kwani huila ngozi ya oksidi. Dawa za kutoa shaba zenye amonia ziishie ndani ya mtutu, nao ukiwa umetolewa kwenye fremu.

Nimeona mstari mwembamba juu ya tundu la pini. Kama ni ufa, fundi wa kuchomelea hawezi kuuziba? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kwanza hakikisha ni ufa. Ngozi ya oksidi inaweza kuwa na mikwaruzo tu. Safisha, kausha, paka mafuta mepesi yanayopenya, yaache dakika 15, uyafute kabisa, kisha nyunyiza poda nyeupe ya chaki. Ufa utayatema mafuta na kuchora mstari kwenye poda; mkwaruzo hautafanya hivyo. Pima pia ncha za reli. Kwenye Beretta 92 kagua kona za mahali kipande cha kufungia mtutu kinapokaa, na kipande chenyewe pia, maana mabawa yake hukatika. Wajerumani walilijua eneo hili mapema: Walther P1 ya jeshi lao, yenye fremu ya alumini, iliongezewa pini ya chuma ya pembe sita katika miaka ya 1970 ili kuimarisha sehemu hiyo.

Na ukiwa ufa kweli, usichomelee. Fremu nyingi za aina hii ni za aloi 7075, yenye zinki, magnesi na shaba. Ikichomelewa kwa njia za kawaida hupasuka tena kando ya mshono, na joto huondoa ugumu wote ilioupata kiwandani. Kiraka kitaonekana kizuri, nacho kitakuwa dhaifu kuliko fremu ya awali. Kwa sababu hiyohiyo, bastola isiingizwe kwenye tanuri la rangi linalopita nyuzi 120 za Selsiasi.

Acha kuipiga, weka alama kwenye bastola kwamba ni mbovu, na umpelekee fundi wa silaha mwenye leseni. Fremu ndiyo inayobeba namba ya usajili, kwa hiyo kuibadilisha ni jambo la mamlaka ya leseni pia. Waone kabla hujaagiza nyingine.