Maswali ya Wasomaji: Kioo kinazimika sekunde 30 baada ya Linux kuwaka

SWALI: Shikamoo dada. Natengeneza bodi ya kuonyesha ratiba za mabasi stendi. U-Boot (programu inayoanza kabla ya Linux) inawasha kioo, nembo inaonekana vizuri. Draiva yangu (programu inayoendesha kioo) ikianza inauliza regulator_is_enabled, yaani kama regyuleta, kidhibiti cha umeme wa kioo, imewashwa; ikikuta umeme upo, haiiti regulator_enable, kwa sababu naogopa kioo kitapepesa. Nusu dakika baadaye giza! Nikiiondoa draiva, logi inalalamika “unbalanced disables”. Nimeweka regulator-boot-on kwenye DTS (faili linaloeleza vifaa vya bodi), wapi. Ninunue bodi nyingine?
Msomaji, Arusha

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usinunue, bodi yako ni nzima.

Ile regulator_is_enabled inakupa hali ya swichi tu. Haikuambii nani aliomba iwashwe. Kerneli (kiini cha Linux) inahesabu maombi. U-Boot iliwasha ikaondoka, na ombi lake halimo kwenye hesabu hiyo, kwa hiyo regyuleta yako inasomeka 0. Baada ya sekunde 30 kerneli inazipitia zote: inayowaka bila mwombaji inazimwa, isipokuwa yenye regulator-always-on. Tazama dmesg (logi ya kerneli), utakuta jina lake likifuatwa na neno disabling. Ile boot-on uliyoweka inahusu hali ya mwanzo tu, si kinga, ingawa wengi wanaitegemea hivyo.

Basi futa lile sharti la regulator_is_enabled. Ndani ya probe (sehemu ya draiva inayoitwa inapoanza), chukua regyuleta kwa devm_regulator_get, kisha ita regulator_enable bila kuuliza lolote. Kioo hakitapepesa: kerneli ikikuta umeme umeshawaka, inapandisha hesabu kutoka 0 hadi 1 na swichi haiguswi. devm_regulator_get ikikupa kosa la -EPROBE_DEFER, lirudishe lilivyo. Chipu ya umeme bado haijasajiliwa, na probe yako itaitwa tena. Na probe ikikwama baada ya kuwasha, ita regulator_disable kabla ya kutoka. Lile lalamiko la logi nalo litaisha, maana ulikuwa unarudisha ambacho hukuchukua.

Usikimbilie regulator-always-on. Itanyamazisha tatizo, lakini umeme utabaki usiku kucha hata kioo kikiwa hakitumiki, na kwa bodi ya betri hilo naliona ni kosa kubwa. Kama draiva yako ni moduli inayopakiwa kwa kuchelewa, ijenge ndani ya kerneli, ili iombe umeme kabla ya zile sekunde 30 kwisha.

Kuna vioo ambavyo lazima vizimwe kwanza ili vianze upya. Hapo tumia regulator_get_exclusive: inakumilikisha regyuleta peke yako, na ikiikuta inawaka inakuhesabia 1, hivyo unaruhusiwa kuizima. Lakini kama sehemu ya mguso inakula umeme huohuo, njia hiyo haikufai.

Ukimaliza, fungua /sys/kernel/debug/regulator/regulator_summary baada ya dakika moja. Safu ya use, mbele ya regyuleta ya kioo, isiwe 0. Ikiwa bado ni 0, nitumie dmesg nzima pamoja na faili lako la DTS.