Mtoto Akiamka na Vurugu Baada ya Nusukaputi

Mwanangu wa kwanza alifanyiwa upasuaji wa nyama za puani na mafindofindo akiwa na miaka 4. Nilijiandaa kuona damu, nilijiandaa kwa maumivu na kukataa kula. Kuamka kwake sikukuwaza kabisa. Alipofumbua macho alipiga kelele, akarusha mateke, akataka kung'oa dripu, na nilipomwita alinitazama kama hanijui. Niliamini ubongo umeguswa. Muuguzi akanishika bega: "Mama, usimkemee, hakusikii. Tumshikilie tu asianguke." Dakika kama 20 zikapita, akasinzia, kisha akaamka akiomba maji. Hakukumbuka lolote.

Zamu ya mdogo wake ilipofika, nilimsimulia daktari wa usingizi yote haya kabla ya siku ya upasuaji. Nawaomba wazazi wenzangu mfanye hivyo, hata asipowauliza. Alinieleza kwamba hali hii huwapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 5, hasa waliopewa sevoflureni, hewa ya kuvuta ya kulaza usingizi, na upasuaji wa koo, pua au macho huongeza uwezekano. Akasema kazi ikikaribia kwisha atampa propofoli kidogo mshipani, ile dawa ya usingizi nyeupe kama maziwa, ili aamke kwa utulivu. Ipo pia deksimedetomidini: inatuliza bila kubana sana pumzi, ila hushusha mapigo ya moyo na presha, kwa hiyo lazima mtoto aangaliwe kwa karibu. Midazolamu, dawa nyingine ya kutuliza, ikinywewa kabla ya kuingia thieta hupunguza woga wa kuachana na mama, lakini kwa vurugu za kuamka haitegemewi sana.

Msiende kudai dawa kwa jina. Anayejua uzito wa mtoto, moyo wake na kifua chake ndiye achague. Ninyi ulizeni maumivu yatazuiwaje, maana mtoto anayeumwa naye hulia na kujirusha, na dawa ya kutuliza haiondoi maumivu hayo. Ombeni pia kuitwa mapema, kabla hajafumbua macho.

Jambo moja lilinitisha safari hii: alichelewa kuamka, karibu saa nzima. Nilitaka kumtikisa. Muuguzi akanionyesha kwenye mashine kwamba oksijeni na mapigo viko sawa, akaniambia nimwache aamke mwenyewe. Nikamfunika khanga yangu, nikakaa.

Aliamka kimya, akauliza kandambili zake ziko wapi.