Maswali ya wasomaji: Krismasi ya watoto na mshahara wa siku 36

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa namna tofauti: mzazi anunue nini, kwa shilingi ngapi, bila kulala njaa Januari. Tumechagua tano. Bei tunazozitaja ni za mfano, ziondoe uweke za sokoni kwenu.

Ndugu wahariri, mume wangu anapokea 450,000 mkononi, nami nina genge linaloniachia kama 6,000 kwa siku. Watoto ni watatu, miaka 11, 8 na 5. Jirani hununulia kila mtoto wake nguo na viatu vya 60,000. Mwaka jana tukajikaza tukafanya vivyo hivyo, na Januari tukakopa hadi unga. Tulikosea wapi?
*Mama wa Watatu, Tabata*

Mlihesabu fedha, hamkuhesabu siku. Waajiri wengi hutoa mshahara wa Desemba mapema, tuseme tarehe 20, ili watu wajiandae na sikukuu. Wema huo una mtego wake, kwa sababu mshahara unaofuata unakuja tarehe 25 Januari. Mshahara mliozoea kuutumia siku 30 sasa unatakiwa uvute siku 36.

Tuzipange. Mshahara 450,000. Genge tulihesabu siku 33, kwa kuwa tarehe 25, 26 na Mwaka Mpya huenda usifungue: 198,000. Jumla 648,000. Sasa toa. Chakula cha 9,000 kwa siku 36 ni 324,000. Kodi ya chumba na sebule 80,000. Luku ya umeme, maji na gesi 50,000. Nauli ya baba, magari mawili kwenda na mawili kurudi, 2,400 kwa siku 24 za kazi, ni 57,600. Daftari, begi, sare na viatu vya shule kwa wale wakubwa wawili, 90,000. Yote ni 601,600. Kinachobaki ni 46,400, na humo bado kuku na mchele wa pilau havijanunuliwa.

Nguo za 60,000 kwa watoto watatu ni 180,000. Kama jirani huyo anaingiza milioni mbili, hiyo ni asilimia 9 ya kipato chake. Kwenu ni karibu asilimia 28, na ni karibu mara nne ya kile kilichobaki. Nguo ni zile zile na duka ni lile lile, ila uzito wake ndani ya nyumba haufanani.

Mtakwimu Mjerumani Ernst Engel aliliona hili mwaka 1857: kadiri familia inavyokuwa maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya kipato chake inavyoishia kwenye chakula. Zawadi za watoto hutoka kwenye makombo yanayobaki baada ya chakula na kodi. Tatizo la pili ni kwamba zawadi zina sakafu ya bei. Unga unaweza kupima robo, sukari unaweza kununua ya mia tano, lakini kiatu hakiuzwi nusu. Kwa hiyo mzazi wa kipato cha chini anatumia shilingi chache kuliko mwenzake, na bado anaumia zaidi.

Kwa mwaka huu fanyeni hivi. Tengeni 20,000 ya chakula cha sikukuu. Ile 90,000 ya shule ndiyo mtaji wenu: viatu vyeusi na begi vinunuliwe sasa, vivaliwe mara ya kwanza siku ya Krismasi. Wale wakubwa wawili tayari wana zawadi. Shati la sare msilihesabu, hakuna mtoto anayelichukulia kuwa zawadi. Na epukeni viatu vyeusi vyenye soli nyeupe au vinavyowaka taa, shule nyingi huvikataa na mtanunua vingine Januari. Zinabaki 26,400. Kwa mtumba mzuri zinatosha gauni au shati kwa kila mmoja, na yule mdogo apate kandambili mpya.

Viatu vinavyobana ni hasara ya kila Desemba, kwa sababu mzazi hununua kwa kukisia. Jioni, mguu ukiwa umetanuka, msimamishe mtoto juu ya karatasi, chora, pima kutoka kisigino hadi kidole kirefu. Ongeza sentimita moja na nusu, kisha zidisha kwa 1.5. Mguu wa sentimita 20 unatoa 32 na robo, basi chukua namba 32 au 33. Pima miguu yote miwili, ufuate ule mkubwa. Nenda nayo hiyo karatasi sokoni, na uende mara tu mshahara unapoingia. Tarehe 23 muuzaji anajua huna pa kukimbilia.

Kwa mwaka ujao, kibubu. Shilingi 1,000 kila siku kuanzia Julai mosi hadi Novemba 30 ni siku 153, yaani 153,000, au 51,000 kwa kila mtoto. Vibubu vingi hufia Septemba, mtoto akiugua au kodi ikidaiwa. Dawa yake ni kuwa na viwili, cha dharura na cha sikukuu, hata kama cha dharura kinapata mia tatu tu kwa siku.

Mimi ni mkulima wa korosho. Fedha zangu zinaingia benki mara moja, Novemba au Desemba. Mke wangu anasema natapanya kwa watoto. Mwaka jana nilipata 2,400,000, nikatumia 90,000 tu kwa nguo zao. Hiyo si hata asilimia 4!
*Mkulima, Masasi*

Mzee, asilimia yako ni sahihi, ila umegawanya kwa namba isiyo yake. Hizo 2,400,000 si za Desemba, ni za mwaka mzima. Gawanya kwa 12 unapata 200,000 kwa mwezi. Kwa mwezi huo, nguo za 90,000 ni asilimia 45. Mama watoto yuko sahihi kuliko unavyodhani.

Mkulima wa zao la msimu mmoja ana hatari ambayo mwajiriwa hana. Wakati wa Krismasi anajiona tajiri, na wafanyabiashara wanalijua hilo. Pikipiki, simu na nguo humfuata hadi kijijini wiki zile zile minada inapolipa. Kisha unakuja Mei na Juni, mikorosho inahitaji kupaliliwa na kupuliziwa, petroli ya bomba inatakiwa, vibarua wanadai, na kwenye akaunti hamna kitu. Hapo ndipo korosho ambazo hata hazijatoa maua zinauzwa kwa mlanguzi, yaani kangomba, ulanguzi ule ule unaopigwa vita kila msimu. Nguo za Desemba zinaweza kulipwa kwa korosho za mwaka unaofuata bila mtu kuona uhusiano.

Siku malipo yanapoingia, kabla hujatoa hata shilingi ya soda, gawa kwa utaratibu huu. Kwanza, gharama za shamba za msimu ujao. Chukua za mwaka jana, ongeza kidogo, weka akaunti nyingine isiyo na kadi. Pili, ada na sare. Tatu, kinachobaki gawa kwa 12. Kama shamba linataka 500,000 na shule 280,000, inabaki 1,620,000, sawa na 135,000 kwa mwezi. Sasa ukimpa mtoto zawadi ya 15,000 unajua unakata nini.

Angalia pia tarehe. Malipo hufuata mnada, na mnada hufuata mzigo kufika ghala kuu. Korosho ulizopeleka AMCOS, chama chenu cha msingi cha ushirika, mwanzoni mwa Desemba zinaweza zisilipwe kabla ya Krismasi. Usichukue nguo kwa mkopo dukani ukitegemea mnada. Bei ya kukopeshwa huwa na chumvi yake, na mnada ukichelewa chumvi inaongezeka.

Kipato chetu kimepanda miaka ya karibuni. Watoto wawili wanapata midoli hadi inajaa kitanda, baada ya wiki hawaigusi. Tukienda kwetu Rombo mwisho wa mwaka, "kuhesabiwa" kama wasemavyo, tunakuta watoto wa ndugu 14 na hatujui tuwape nini.
*Baba na Mama, Mbezi*

Fedha zikiongezeka, kinachoanza kupanda ni idadi ya zawadi, na idadi ndiyo inayoua thamani. Mwaka 1993 mwanauchumi Mmarekani Joel Waldfogel alichapisha matokeo ya kuwauliza wanafunzi wa chuo wangekuwa tayari kulipa kiasi gani kwa zawadi walizopewa. Thamani waliyoitaja ilikuwa chini ya bei kwa kati ya asilimia 10 na theluthi moja. Zawadi za babu, bibi, mashangazi na wajomba ndizo zilizopoteza zaidi, kwa kuwa watoaji hao hawakuwajua wapokeaji kwa karibu.

Kwa wenu wawili, kitu kimoja kikubwa na kimoja kidogo vinatosha. Kikubwa kiwe cha kutumika mwaka mzima: baiskeli, mpira wa ngozi na pampu yake, seti ya kuchora. Ukinunua gari la betri, hakikisha kifuniko cha betri kinafungwa kwa skrubu. Betri ndogo za duara kama kitufe, mtoto akimeza moja ikakwama kooni, inaweza kuunguza ndani ya saa mbili. Hiyo ni dharura ya hospitali, msisubiri kuona kama itatoka.

Rombo ni hesabu nyingine. Watoto 14 kwa 20,000 ni 280,000, na bado mama mmoja atasema wake walipewa vidogo. Wapigieni simu mama zao wiki tatu kabla, muulize kila mtoto anaanza darasa gani na anakosa nini. Kaunta buku, madaftari na kalamu mkivinunua kwa jumla Kariakoo vinashuka bei, na havina saizi ya kukosea. Ongezeni mpira mmoja wa wote. Zawadi kubwa za wenu wapeni nyumbani kabla ya safari, na mziache Mbezi. Kumfungulia mtoto baiskeli mpya mbele ya binamu 14 wenye daftari ni kumtafutia ugomvi. Tena nauli na mafuta ya safari viingie kwenye bajeti ya Krismasi. Watu wengi huviweka pembeni, kisha hushangaa fedha zilikokwenda.

Mtoto wa miaka 7 ananiuliza kwa nini fulani amepata na yeye hajapata. Nimwambie hatuna fedha?
*Mama, Dodoma*

Mwambie mapema, Novemba, wala si asubuhi ya sikukuu. "Hatuna fedha" humtia hofu, anadhani hata ugali utaisha. Mpe mipaka anayoielewa: "Mwaka huu kila mtoto anapata kitu kimoja. Unataka kiatu au gauni?" Mtoto wa miaka 7 anaweza kuchagua kati ya vitu viwili, na akichagua mwenyewe hulalamika kidogo. Usiahidi "mwezi ujao". Mwezi ujao ni Januari.

Mimi ni dereva wa bodaboda. Kuna wakopeshaji wanatoa 150,000 siku hiyo hiyo, unarejesha 7,500 kwa siku kwa siku 26. Nataka nichukue tarehe 20 watoto wavae. Mnashauri?
*Bodaboda, Mwanza*

Hapana, kaka. Hiyo ndiyo kausha damu yenyewe, mkopo wa haraka wenye riba ya kuumiza. Rejesho ni 7,500 mara 26, sawa na 195,000. Uliza pia ada ya fomu. Wakikata 10,000 unaondoka na 140,000, na utakuwa umelipia 55,000, karibu asilimia 39 kwa siku 26. Kwa kuwa unaanza kurejesha kesho yake, kwa wastani fedha unazobaki nazo ni kama nusu tu, hivyo gharama halisi inakaribia mara mbili ya hapo. Na tazama kalenda: siku 26 kuanzia tarehe 20 Desemba zinakufikisha katikati ya Januari, wakati wa sare na daftari, abiria wakiwa wamechacha na wewe ukidaiwa 7,500 kabla hujaweka mafuta.

Hiyo 7,500 ambayo mkopeshaji anaamini utaipata kila siku, anza kuiweka leo. Siku 20 ni 150,000 kamili, bila fomu. Ukishindwa kuiweka siku tano mfululizo, basi umejua kwamba mkopo ungekushinda pia.

Kama una mchezo wa kupeana fedha kwa zamu na wenzako kijiweni, omba kijumbe, yule anayekusanya, akupe zamu ya wiki ya kwanza ya Desemba. Zamu ya wiki ya mwisho ni mbaya, kwa sababu waliokwisha pokea ndio huanza kukwepa kutoa. Walio kwenye vikoba, vikundi vya kuweka na kukopa, waulize jambo moja kabla ya siku ya kuvunja na kugawana: mikopo ya wanachama imerudi yote? Kikoba kinachovunjwa tarehe 22 huku wanachama wanne wakidaiwa hugawa fedha za kwenye daftari, na sokoni daftari halinunui viatu. Sogezeni tarehe ya mwisho ya marejesho iwe Novemba 30, na mgawo uwe wiki moja baadaye.