Mwalimu, kifungua mimba wangu anataka kuwa mmonaki

*Mwalimu, salamu kutoka Malava. Nina watoto watano. Kifungua mimba wangu amemaliza digrii ya kilimo, na sasa anasema anaenda Uganda kwa wamonaki, wale wasioongea, wanaoamka usiku kusali. Upadre wa parokia ningeuelewa, maana padre huja nyumbani, hubatiza, huzika watu. Huyu atajifungia. Baba yake alishafariki na wadogo zake wawili bado wako sekondari. Wazee wa ukoo wananiuliza jina la babu atampa nani. Na mimi nikifa, nani atanizika? Paroko ananiambia tu nimtoe kwa Mungu.*
*Mama wa Watano, Malava*

Mama, hao wamonaki ninawafahamu, kwa hiyo nianze nao. Mimi ni mzaliwa wa Kipkelion, mahali wazee walipoendelea kupaita Lumbwa hata jina la stesheni lilipobadilishwa. Baba yangu alikuwa kibarua katika shamba lao. Walifika 1956 kutoka abasia ya Koningshoeven, karibu na mji wa Tilburg, Uholanzi. Ni Watrapisti, tawi la Wasisteriani wanaoishi kwa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, kitabu cha taratibu za monasteri. Si kweli kwamba hawaongei. Kazi ikidai wanaongea, na mgeni wanamsemesha vizuri. Porojo ndizo hawana, na ukipenda kunijua ujue kwamba hilo nimewaonea wivu tangu nianze kuhudhuria vikao vya walimu.

Ghasia za baada ya uchaguzi zilipolipuka mwanzoni mwa 2008, watu waliofukuzwa makwao walikimbilia pale monasterini. Mwaka huohuo jumuiya yenyewe ikahamia Uganda, Kijura, upande wa Fort Portal. Bila shaka ndiko anakotaka kwenda mwanao. Kwetu wengi walisema basi, umonaki umeshindwa na Kenya. Mimi nilikataa. Mmonaki wa Benedikto huweka nadhiri ya kudumu katika jumuiya yake, ya kubadili mwenendo, na ya utii. Jumuiya nzima ikihama, aliyeahidi kudumu nayo huhama nayo, na nadhiri yake iko palepale.

Lakini kinachokukosesha usingizi ni wale wawili walio shule, wala si umbali wa Kijura. Hapo niko upande wako, na paroko anisamehe. Kumtoa mtoto kwa Mungu ni jambo moja. Kumwachia mjane karo za watoto wawili peke yake ni jambo jingine, na Mungu hakuomba hilo.

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 644, inawakataza wakuu wa nyumba za kitawa kumpokea unovisi, yaani malezi ya kujaribiwa kabla ya nadhiri, mtu mwenye madeni asiyoweza kuyalipa. Kwa hiyo muulize kijana wako kwanza habari ya mkopo wa HELB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo. Kama alisoma kwa mkopo huo, alipe au aeleze vizuri utalipwaje. Karo za wadogo zake si deni la karatasi, najua, ila sisi tuliozaliwa huku tunajua kwamba kifungua mimba aliyesomeshwa na ukoo anadaiwa.

Na asije akakwambia kwamba watakatifu waliacha yote bila kutazama nyuma. Umonaki ulichipuka Afrika, na baba yake ni Antoni wa Misri, aliyezaliwa mnamo 251. Wazazi walifariki wakamwachia shamba kubwa na dada mdogo. Shamba aliwagawia wanakijiji. Dada naye alimkabidhi kwa mabikira waaminifu aliowafahamu, wamlee. Hayo yote aliyafanya ndipo akashika njia yake ya upweke. Wahubiri wetu wanapenda sana kusimulia lile shamba. Yule dada wanamruka.

Basi ushauri wangu ni huu: kijana afanye kazi kwanza. Ana digrii ya kilimo, hatakosa pa kuanzia. Miaka miwili au mitatu, wadogo wamalize kidato cha nne, ndipo aende. Wito wa kweli hautaoza kwa muda huo. Benedikto mwenyewe, sura ya 58 ya Kanuni yake, anaagiza mgeni anayetaka kuingia asifunguliwe upesi, aachwe abishe mlangoni siku nne au tano, aonekane kama anavumilia. Kijana anayekasirika kwa kucheleweshwa na karo ya wadogo zake atayavumilia vipi ya ndani? Wakati huo anaweza kuandikiana na wamonaki, kwenda kukaa nao siku chache na kurudi. Nyumba nzuri hufurahia mtu anayekuja akiwa amekwisha kutengeneza ya kwao. Nyumba inayomharakisha ina haja ya mikono kuliko ya mmonaki.

Hata akiingia, mlango haufungwi siku ya kwanza. Kuna kipindi cha upostulanti, cha kuonja maisha ya ndani, kisha unovisi wa miaka miwili, kisha nadhiri za muda zisizopungua miaka mitatu, ndipo za daima. Katika safari hiyo yeye anaweza kusema hapana, na wao wanaweza kumwambia hapana. Hofu yako kwamba atarudi mikono mitupu ina msingi. Kanuni ya 702 ya ile Sheria ya Kanisa inasema anayetoka hana haki ya kudai malipo ya kazi aliyofanya ndani, ingawa nyumba inatakiwa kumtendea kwa haki na upendo. Ajue hilo kabla ya kwenda.

Shamba sasa. Kabla ya nadhiri za kwanza, mtawa humkabidhi mtu mwingine usimamizi wa mali yake. Kabla ya zile za daima huandika wosia unaotambuliwa na sheria za nchi, na mmonaki wa nadhiri kuu hatimaye huachana kabisa na umiliki. Kwa hiyo fungu lake la ardhi ya baba lisiachwe hewani. Usikubali aseme kwa mdomo tu, "Gawaneni." Nimeona ndugu wakishikana mapanga kwa sababu ya neno hilo. Kaeni na baba zake wadogo, mwiteni chifu, muandike, na urithi ufuate njia ya mahakama.

Kuhusu jina la babu, wapo watoto wengine wanne, wazee wasikutishe. Kuhusu mazishi sikufichi. Wamonaki huzikwa katika makaburi yao wenyewe. Mwili wake hautarudi Malava, na simba yake, ile nyumba ya kijana pale bomani, haitapata mwenyewe. Waambie wazee sasa, wakasirike sasa, kuliko kuja kuwaeleza kukiwa na msiba. Kama ataruhusiwa kuja kukuzika wewe, mwenye kujibu ni abati, mkuu wa monasteri. Usiulize kwa kupitia kijana. Panda basi uende naye, Malaba au Busia, Kampala, kisha Fort Portal, umuulize abati mwenyewe ukimtazama usoni. Sura ya 53 ya Kanuni inasema wageni wote wapokewe kama Kristo, kwa hiyo chai utapata. Uone anakolala, anakula nini, na hao wazee wa ndani wana furaha au wamenuna. Mama akitazama wazee wa nyumba anajua mengi ambayo kijana mwenye bidii hayaoni.

*Mwalimu, mimi ni msichana wa miaka 22, naishi Nyalenda, Kisumu. Tulifahamiana Facebook na sista mmoja wa Ulaya. Monasteri yao ina masista saba, wote wazee. Wamesema watalipa tikiti na viza, niingie moja kwa moja. Mama amefurahi, anasema nitakuwa natuma kitu kidogo nyumbani. Niende?*
*Anayesubiri Viza*

Binti yangu, usiende hivyo.

Mwaka 2016 Papa Fransisko aliwaandikia watawa wa ndani, yaani masista wanaojifungia monasterini kwa sala, duniani kote waraka unaoitwa Vultum Dei Quaerere. Humo anakataza waziwazi jambo hili: kuwaita wasichana wa nchi nyingine kwa lengo tu la kuifanya monasteri isife. Anasema liepukwe kabisa. Hakukataza Mwafrika kuishi monasteri ya Ulaya. Wamisionari wa Mill Hill walifika Kisumu kutoka huko mwanzoni mwa karne iliyopita, nasi tukienda kwao leo kuwasalia ni haki. Kinachokatazwa ni kukuchukua wewe uwe mtu wa kusukuma viti vya magurudumu na kuwasha taa za kanisa, kisha jambo hilo liitwe wito.

Miaka miwili baadaye, 2018, ikatoka hati ya kutekeleza waraka huo, Cor Orans. Inasema malezi ya mtawa wa ndani yachukue miaka tisa kwa uchache, na yasizidi kumi na miwili. Nani atakulea miaka tisa katika nyumba ya wazee saba, na kwa lugha gani? Hati hiyohiyo inasema monasteri yenye masista watano tu wa nadhiri kuu hupoteza haki ya kujichagulia mkuu wake. Toa wawili katika hao saba uone mlipofika. Huenda ukawa novisi wa nyumba ambayo ikifungwa hujui utapelekwa wapi, na viza yako inategemea nyumba hiyo.

Mama naye aambiwe ukweli, na umwambie wewe. Sista wa ndani hana mshahara wala M-Pesa. Sura ya 33 ya Kanuni ya Benedikto haimwachii mmonaki hata kalamu aiite yake. Kama nyumbani kuna shida, na ninaamini ipo, tafuta kazi. Hiyo si dhambi.

Ikiwa moyo wako uko kwenye sala ya ndani kweli, Wakarmeli wana monasteri hapahapa Kenya. Omba kwenda kukaa nao kidogo. Ikiwa ulichovutiwa nacho ni kufundisha au kuuguza, masista wa Asumbi wako jirani, na wa Mukumu pia. Hao hawajifungii, ila ni watawa kamili. Na ukiitwa na nyumba yoyote isiyokuomba barua ya paroko wako, cheti cha ubatizo na cha kipaimara, ikimbie.

*Mwalimu, nataka kukaa kwa wamonaki siku tatu nipumzishe kichwa. Mimi si Mkatoliki. Niko Nakuru. Watanikubali, na ni pesa ngapi?*
*Dereva wa Lori*

Dini si kikwazo. Wabenedikto wako Tigoni, karibu na Limuru. Shuka Limuru utafute gari la huko. Piga simu kwanza, uulize nafasi na bei. Zima simu yako ukifika. Usiende na chupa.

*Mwalimu, mimi ni sista wa ndani, nimezeeka katika nadhiri. Manovisi wetu wanataka ngoma na kayamba katika Masifu ya Jioni, na kila mmoja anataka kubaki na simu yake. Sisi tuliingia tukakabidhi hata saa ya mkononi. Tukiwanyima wataondoka, tukiwapa hatutakuwa monasteri tena. Tufanyeje?*
*Sista Mzee, Magharibi*

Sista mpendwa, umefunga mambo mawili katika kifurushi kimoja. Tuyafungue.

Ngoma wapeni. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwa hati yake ya 1965 kuhusu watawa, ulitaka maisha ya kitawa yarudi kwenye chimbuko lake na pia yaendane na watu na mahali. Benedikto alikwisha kuonyesha njia. Sura ya 18 ya Kanuni yake, baada ya kupanga zaburi zote kwa uangalifu, anasema asiyeridhika na mpango huo apange vingine, mradi zaburi zote 150 ziimbwe kila wiki. Nguo aliagiza zifuate hali ya hewa ya mahali. Mtu aliyeruhusu hayo hangewazuia kayamba. Masharti yangu ni mawili: wajifunze zaburi yenyewe kabla ya mapigo, na mpigaji asiimalize pumzi ya wazee wanaoimba.

Tena waiteni kikao. Sura ya 3 inataka wote waitwe penye neno kubwa, kwa kuwa mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lililo bora. Jumuiya nyingi huisoma sura hiyo mezani, kisha wakubwa huamua peke yao jikoni. Msichana wa leo amesoma, amefanya kazi, amelipa kodi ya nyumba. Kuamka usiku hakumshindi. Kinachomshinda ni kuambiwa "ndivyo tulivyokuta" anapouliza sababu.

Simu ni habari nyingine, na hapo nakuunga mkono. Novisi mwenye simu mfukoni hajaondoka kwao, yuko kwenye kundi la WhatsApp la harusi ya binamu yake. Yule Papa wa 2016 hakuikataza mitandao, ila alisema itumike kwa busara ili isiule ukimya. Wekeni simu moja ya jumuiya, ikae ofisini, iwe na saa zake. Mzazi akiugua, novisi apigiwe hiyo na aitwe hata katikati ya Masifu.

Na sheria hiyo ianze kwa waliokwisha weka nadhiri. Nimepokea ujumbe wa masista wengi wa ndani saa nne na nusu usiku, wengine wakiniletea video za mapishi, na kwa mwandiko najua hawakuwa manovisi.