Maswali na majibu: Vitabu vinavyokuingiza Paris kwa mlango wa jikoni

Maswali ya safari hii yanahusu vitabu vya Ufaransa: miji, historia na chakula. Vingi vya waandishi Wafaransa nimevitaja kwa majina yake ya Kifaransa, lakini vyote vinapatikana kwa Kiingereza pia.

Sijawahi kusoma riwaya hata moja ya Ufaransa. Nataka moja tu, nikiimaliza nijisikie nimetembea Paris na kula huko. Nianze na ipi? (Msomaji, Morogoro)

Anza na *Le Ventre de Paris* ya Émile Zola, iliyotoka mwaka 1873. Kisa kizima kiko Les Halles, soko kuu la chakula la Paris, ambalo enzi hizo lilikuwa jipya, la vyuma na vioo. Riwaya inafunguka kabla ya alfajiri. Mikokoteni ya mboga inaingia mjini kwa foleni, wakulima wamesinzia juu ya mizigo yao, mara farasi wa mbele anagoma kusonga. Kuna mtu amelala barabarani. Ni Florent, aliyekamatwa bila kosa baada ya mapinduzi ya Desemba 1851, Louis-Napoléon alipotwaa mamlaka yote, akapelekwa kifungoni Guyana ya Wafaransa, Amerika Kusini, akatoroka. Hana nguvu kwa njaa. Mama mwenye mkokoteni anampandisha juu ya karoti, na hivyo ndivyo mtu mwenye njaa kuliko wote anavyoingia Paris: amelalia chakula.

Zola alizunguka soko lile na daftari mkononi, na inaonekana. Utaujua mkono unaokoroga damu ya kutengenezea soseji, utajua namna samaki wanavyomwagwa kwenye meza za mawe, utajua nani anamdai nani. Sehemu ninayoipenda kupita zote ni ya duka la jibini. Wanawake watatu wamekaa mchana wa joto kati ya jibini za kila aina, wanampasua Florent kwa umbea, na kadiri siri yake inavyofichuliwa ndivyo harufu inavyozidi kupanda. Chakula katika kitabu hiki si pambo. Kinaamua nani ameshiba, nani anaogopa kupoteza shibe yake, na nani atasalitiwa kwa sababu hiyo.

Soko lenyewe lilihamishiwa Rungis, nje ya mji, mwaka 1969, na miaka miwili baadaye bomoabomoa ikaanza. Ukienda leo utakuta maduka na stesheni ya treni chini ya ardhi. Ndiyo maana nasema kitabu kwanza, picha za watalii baadaye.

Jambo moja la kuangalia: tafsiri za zamani za Kiingereza zilipunguzwa makali. Mchapishaji wa Zola jijini London, Henry Vizetelly, alifungwa mwaka 1889 kwa kuuza vitabu vyake, vilivyohesabiwa vichafu, kwa hiyo waliofuata waliogopa. Ukipata tafsiri mpya, chukua hiyo.

Assalam aleikum. Nikifungua vitabu vya Wafaransa naona mvinyo na nguruwe tu. Hakuna kinachomfaa mtu kama mimi? (Msomaji, Mombasa)

Waaleikum salaam. Ni kweli, na sitakuficha: hicho nilichokisifu hapo juu, sehemu yake kubwa iko ndani ya duka la nyama ya nguruwe. Wewe chukua *Le Comte de Monte-Cristo* ya Alexandre Dumas, iliyotoka gazetini kwa mfululizo kuanzia mwaka 1844. Mvinyo humo umo, lakini haubebi kisa.

Inaanzia Marseille, mji wa bandari. Edmond Dantès, baharia kijana, yuko kwenye karamu ya uchumba wake, mezani kuna kamba wakubwa na chaza wa aina aina, kisha askari wanaingia. Anakaa gerezani miaka 14 kwenye kisiwa cha If, kinachoonekana kutoka mjini. Anaporudi ni tajiri, hajulikani na mtu, na anawatafuta waliomsaliti.

Sasa nenda kwenye sura inayoitwa "Mkate na chumvi". Mercédès, mchumba wake wa zamani, ameolewa na mmoja wa wasaliti hao, na amegundua kwamba mgeni huyu kila akija kwao hagusi chakula. Anamchukua bustanini, anakata kishada cha zabibu, anampa. Anakataa. Anachuma pichi. Anakataa tena. Ndipo Mercédès anapomkumbusha ile desturi ya Waarabu, kwamba waliokula mkate na chumvi chini ya paa moja ni marafiki daima. Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa kwa nini mtu hali nyumbani kwa adui yake. Kwangu mimi hakuna tukio la mezani lililoandikwa vizuri kuliko hilo, na hakuna tonge lililoliwa.

Dumas, kwa taarifa yako, alikuwa mjukuu wa mwanamke mtumwa wa Saint-Domingue, Haiti ya leo. Aliupenda upishi kiasi kwamba aliacha kamusi nzima ya chakula, iliyochapishwa baada ya kifo chake.

Wanafunzi wangu wanasoma Mapinduzi ya Ufaransa kama orodha ya tarehe za kukariri. Nikiwasomea *Les Misérables* itasaidia? (Mwalimu wa historia, Eldoret)

Itawachanganya, mwalimu. Vizuizi vya barabarani katika kitabu cha Victor Hugo ni vya maasi ya Juni 1832, zaidi ya miaka 40 baada ya 1789, Mapinduzi yalipoanza, na maasi hayo yalizimwa upesi. Watu wengi wanakosea hapo.

Tumia *A Tale of Two Cities* ya Charles Dickens, ya mwaka 1859. Ni Mwingereza, lakini tafuta ile sura ya pipa la mvinyo linalopasuka barabarani, mtaa wa Saint-Antoine. Watu wanapiga magoti na kuuchota kwa viganja. Wanawake wanalowesha vitambaa vyao vya kichwani na kuwakamulia watoto wachanga mdomoni. Kisha mmoja anachovya kidole kwenye mashapo ya mvinyo na kuandika ukutani: damu. Wasomee kwa sauti kurasa hizo tu, halafu waeleze kilichotokea Oktoba 5, 1789: wanawake wa masoko ya Paris walitembea kwa miguu hadi Versailles, karibu kilomita 20, wakidai mkate, na kesho yake mfalme akalazimika kurudi nao mjini. Mtoto anayejua bei ya unga inavyovuruga nyumba atauelewa mwaka 1789 bila kukariri.

*Les Misérables* watunzie wakubwa. Jean Valjean aliiba mkate mmoja kwa ajili ya watoto saba wa dada yake, akahukumiwa miaka mitano, akajaribu kutoroka, ikawa 19.

Nafanya kazi jikoni kwenye hoteli ya watalii. Kuna kitabu kuhusu watu kama sisi? (Msomaji, Zanzibar)

Kipo, na ni kifupi: *Down and Out in Paris and London* cha George Orwell, cha mwaka 1933. Orwell aliishiwa Paris, akawa mwosha vyombo kwenye hoteli kubwa, chini ya ardhi, kwenye joto kali na dari linalogusa kichwa. Anaeleza wahudumu wakitukanana jikoni, kisha mmoja anasukuma mlango wa ukumbini na papo hapo uso unabadilika, anateleza na sahani yake kama bata maji. Anaeleza mpishi anavyoshika steki kwa vidole. Kwenye mgahawa alioenda baadaye, siku ya kazi ilifika saa 17. Ana maneno mabaya kuhusu Wayahudi, ambayo hayana utetezi. Kuhusu kazi ya jikoni, namwamini.

Vitabu vyote hivi ni vya Wazungu. Sisi Waafrika tulio Paris tumeandikwa wapi? (Msomaji wa Lubumbashi, sasa yuko Ubelgiji)

Soma *Black Bazar* ya Alain Mabanckou, mzaliwa wa Kongo-Brazzaville, ya mwaka 2009. Msimulizi ni Mkongo anayejali suti na viatu kuliko kodi ya nyumba. Ameachwa na mwenzake, anapoteza siku kwenye baa moja karibu na Les Halles ile ile ya Zola, na anaanza kuandika. Utacheka, kisha utaona jinsi alivyoumia.

Ukimaliza, fanya jambo ambalo najua litakugusa: soma *L'Assommoir* ya Zola, ya mwaka 1877. Iko mtaa wa Goutte d'Or, ambako leo, karibu na stesheni ya Château Rouge, Wakongo wananunua sombe (kisamvu) na samaki. Zola aliuandika ukiwa mtaa wa mafundi na madobi maskini waliokuja Paris kutafuta riziki. Dobi Gervaise anapika bata bukini mkubwa siku ya sherehe yake, anafungua mlango wa duka ili mtaa mzima uone anavyokula, na gauni lake la hariri liko rehani kulipia karamu hiyo. Wageni wa mtaa wamebadilika. Haja ya kuonekana hukushindwa na mji ni ile ile.

Nataka kupika, siyo kusoma hadithi. (Msomaji, Dodoma)

*Mastering the Art of French Cooking*, 1961, Julia Child na wenzake wawili. Kila hatua imeelezwa. Panapotajwa mvinyo tia supu ya mifupa na tone la siki, ladha itakuwa tofauti lakini chakula kitalika.

Vitabu hivi nitavipata bila kulipa? (Wengi mmeuliza)

Vya Zola, Hugo, Dumas na Dickens viko huru kisheria. Vipakue Project Gutenberg, tovuti ya vitabu vya bure, au kwa Kifaransa kwenye Gallica, maktaba ya mtandaoni ya taifa la Ufaransa. Cha Mabanckou kiulizie Alliance Française, kituo cha lugha na utamaduni wa Kifaransa, iliyo karibu nawe.